Kichwa cha Kando

Saa tatu asubuhi Kapka wa duka la uchapaji alinipigia simu kunikumbusha kwamba maneno ya tangazo la arobaini anayataka mkononi kabla ya saa kumi, la sivyo karatasi hazitakuwa tayari Jumamosi. Nikamwambia nitaleta.

"Na safari hii utaweka jina lako?" akauliza.

Nikamwambia simu inakatikakatika. Simu ilikuwa nzima.

Kwetu mtu akifa anabandikwa. Picha, jina, miaka aliyoishi, mistari miwili ya majonzi, na chini kabisa majina ya waliobaki. Karatasi inakwenda mlangoni kwake, kwenye nguzo za umeme, kwenye kituo cha basi, juu ya karatasi za wengine. Ya maziko, ya arobaini, ya nusu mwaka, ya mwaka, hadi waliobaki nao wabandikwe. Watu wakipita husoma kuanzia chini. Picha wanaijua; wanachotafuta ni nani yumo na nani hayumo.

Kwenye tangazo la maziko ya kaka yangu Ognian niliandika "Jamaa zake". Jamaa zake ni mimi. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wazazi walishatangulia. Nilijificha ndani ya wingi.

Nilikuwa kwenye cherehani, nabadilisha zipu ya koti la mtu mnene. Duka letu la kurekebisha nguo liko chini ya jengo la posta ya zamani, ngazi tano kwenda chini, kwa hiyo dirishani tunaona miguu ya watu tu. Tuko watatu. Shangazi Stoina ndiye mwenye duka. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ila ana miaka sabini na moja na mji mzima unamwita hivyo. Mjomba Gencho anapiga pasi. Kabla ya hapo alikuwa mwashiria treni kwa miaka thelathini na miwili, bendera mkononi, mpaka treni zilipoacha kupita kituoni kwake. Sasa anazinyoosha suruali kama reli.

"Nani huyo?" Shangazi Stoina akauliza, pini tatu mdomoni.

"Kapka."

"Anataka maneno."

"Anataka maneno."

"Mpe basi. 'Siku arobaini bila kaka yetu mpendwa.' Kila mtu anaandika hivyo. Hata marehemu mume wangu nilimwandika mpendwa, na mtaa mzima unajua alivyokuwa."

Mjomba Gencho akacheka ndani ya mvuke. "Na nguzo haikuanguka, Stoina?"

"Nguzo ni ya chuma. Zlatina, andika, mwanangu. Chukua kalamu hapo."

"Sijui kama nina haki ya kuweka jina langu," nikasema.

Nililisema kama mtu anavyosema uzi mweusi umekwisha. Lakini cherehani ya shangazi ilinyamaza. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifua cha sweta lake.

"Ni yale mambo ya mama yenu?"

"Ni hayo."

Nusu ya kwanza ya mambo hayo mji wote unaijua. Miaka kumi na miwili iliyopita mama yetu, Tsona, alifariki mwezi wa Julai. Ognian alikuwa Bremen, anaendesha mashine ya kuinua mizigo bandarini. Akapiga simu: nisubirini, niko njiani, siku mbili. Ningeweza kumsubiri. Chumba cha baridi kilikuwa na nafasi, kasisi angekubali Alhamisi. Lakini nilikuwa nimemsubiri miaka saba, yeye na "nakuja Pasaka" yake, "nakuja Krismasi" yake, na siku ile kusubiri kulinishinda. Nikamzika mama Jumanne. Na Kapka aliponiuliza majina ya chini ya tangazo, nikamwambia: weka langu tu.

Ognian alifika Jumatano mchana. Nilikuwa jikoni, nikamwona kupitia pazia. Alisimama mlangoni, akasoma karatasi: *Binti yake Zlatina*. Akaibandua taratibu, pembe kwa pembe, bila kuichana. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akarudi kituo cha basi na sanduku lake. Hakugonga. Nami sikufungua. Miaka kumi na miwili hakunipigia simu wala mimi sikumpigia.

"Nusu ya pili hamuijui," nikawaambia.

Nikawaeleza huku nikishona. Mwezi wa kumi Ognian alirudi, kwa gari la Sabri, rafiki yake wa kazini. Alifikia nyumba ya wageni hapa mjini, kule bandarini. Siku ya tatu akaanguka kwenye ukumbi wa chakula. Hospitali ilinipigia mimi kwa sababu ya jina la ukoo. Kama alikuwa amepanga kuja kwangu au hapana, sijui. Nilimkuta nusu ya mwili imekufa na ulimi umekwenda. Macho yalikuwa yake. Alikuwa anasikia.

"Alhamisi, saa nne asubuhi, nilimuuliza. Nilisema, Ognian, umenisamehe? Akapeleka kichwa kushoto, kulia, kushoto. Nikamwambia asante. Nikambusu mkono, nikaenda zangu. Ijumaa nikarudi. Nilipoingia tu akaanza tena, kando, kando, kando, na sijamuuliza kitu. Nikadhani ni ugonjwa. Nikamrekebishia mto. Alfajiri ya Jumamosi wakanipigia."

"Sasa?" Shangazi Stoina alinyanyua mikono yote miwili. "Si amekusamehe? Kaka kasema ndiyo, unatutesa kwa nini asubuhi yote?"

"Miaka kumi na tisa Ujerumani, shangazi."

Mkono wake ukashuka wa kwanza, kisha wa pili. Mjomba Gencho akaisimamisha pasi.

Walielewa papo hapo. Kwetu ndiyo ni kichwa cha kando, kushoto na kulia. Hapana ni kichwa cha juu, kinapanda na kushuka. Wajerumani wamegeuza, wao na karibu dunia yote.

"Siku ya maziko," nikaendelea, "nilimuuliza Sabri kama anaongeza pombe ya rakia. Akapandisha kichwa, akashusha. Nikaondoa glasi. Akacheka, akaniambia, dada, rudisha, kule kichwa kinageuka chenyewe. Akasema Ognian alikuwa amegeuka kuliko yeye. Tangu siku hiyo sijui niliambiwa nini."

Nilikata uzi. Nilikuwa nimejichoma kidole gumba na damu imeingia kwenye bitana ya koti la watu. Nililigundua hilo kwa macho, si kwa kidole. Ndivyo nilivyokuwa tangu mwezi wa kumi. Sikulia makaburini, watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, na mimi nikawaacha wanisifu.

"Swali lenyewe ni hili," akasema mjomba Gencho. "Ndiyo inakaa wapi? Shingoni kwa anayetikisa, au machoni kwa anayetazama?"

"Mjomba, usianze."

"Naanza. Mimi nimeshika bendera nyekundu miaka thelathini na miwili. Unadhani wekundu unasimamisha treni? Ng'ombe wangapi nimewapungia bendera hiyohiyo, wakaendelea kula majani katikati ya reli? Bendera inamsimamisha dereva, tena kwa sababu mimi na yeye tumesoma kitabu kimoja. Sasa kama mna vitabu viwili..."

"Treni inapinduka," akasema shangazi.

"Treni inafika. Ila hujui imekuletea nini."

"Zlatina, unamsikia? Ndiyo maana walifunga kituo."

"Walifunga kwa sababu hamkupanda treni! Mlinunua magari, mkajifanya wakubwa."

Wakati huo mtu mnene akashuka ngazi kuulizia koti lake. Nilikuwa nimelimaliza, lipo mezani, limekunjwa. "Tayari?" akauliza, akimtazama mjomba Gencho. Na mjomba, uso mkavu, bila kucheka, akapandisha kichwa na kushusha.

"Bado? Mlisema leo! Nasafiri jioni, nyie watu!" Akageuka, akaanza kupanda ngazi kwa hasira.

Shangazi Stoina alimkimbilia na futi ikining'inia shingoni. "Njoo, baba, njoo, liko tayari, huyu anafanya utafiti! Gencho, nitakukata shingo hiyo kwa mkasi huu!"

Mtu mnene alichukua koti lake na kutukodolea macho wote watatu. Damu kwenye bitana hakuiona.

"Mmeona?" mjomba akasema, miguu ya yule mtu ilipopita dirishani. "Nilikuwa namwambia ndiyo. Kwa moyo wangu wote nilikuwa namwambia ndiyo. Kasikia hapana."

Shangazi alikuwa anahema, akaketi. "Plamen wangu yuko Valensia," akaniambia, kama ananong'ona, ingawa shangazi hajui kunong'ona. "Ananipigia simu ya picha. Namuuliza, umekula? Anapandisha kichwa, anashusha. Nashinda nalia, mtoto hajala. Kumbe kashiba, tumbo hili hapa! Namwambia, mwanangu, ukiongea na mama yako kirudishe kichwa nyumbani. Ananiambia, mama, shingo ni moja."

"Na maneno?" nikauliza.

"Maneno hayajaharibika. Anaongea vilevile alivyotoka. Mtu akisema neno anajua kalisema. Kichwa hakijui kama kimesema."

"Ndiyo mila hiyo, Stoina," akasema mjomba. "Kile unachofanya bila habari. Siku ukipata habari nacho, kinakuwa ngoma ya watalii."

"Wanasema tulianza zama za Waturuki. Wanakuwekea upanga kooni, wanakuuliza umeiacha dini yako, nawe kichwa kinawaambia ndiyo, moyoni hapana..."

"Wanasema! Kila kilichopinda nchi hii kililetwa na Waturuki. Sabri si Mturuki huyo? Kwao kijiji cha pili tu hapo, na kichwa chake kilikuwa kama chetu mpaka alipopanda basi la Bremen."

Tulikula saa saba. Mkate, jibini nyeupe, pilipili za kuchoma ambazo shangazi husindika chupa arobaini kila mwezi wa tisa. Nilikula mkate. Ulikuwa mkate. Dirishani ukungu wa mto Danubi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye viatu vya watu, na waliopita walipita bila miguu, nyayo tu.

"Nani mwingine alikuwa naye hospitali?" shangazi akauliza, mdomo umejaa.

Nikakata kipande kingine cha mkate.

"Zlatina."

"Wauguzi."

"Nani?"

Nikaangalia mwisho wa kamba ya nguo zilizokamilika, ukutani kabisa. Pale zilining'inia suruali mbili nyeupe, zilizopunguzwa kiuno, na karatasi yenye jina. Ziliachwa na muuguzi Desa wiki tatu zilizopita. Nilizimaliza siku ya pili. Kila asubuhi nilizisogeza mwisho wa kamba, nyuma ya makoti, na kila aliyeuliza nilimwambia bado. Yeye ndiye aliyekuwa wodini siku zile zote. Anajua Ognian alikuwa anasema ndiyo kwa kichwa kipi. Nilijua kwamba anajua.

Shangazi Stoina alifuata macho yangu. Ana macho mabovu kwa kutunga uzi, lakini kwa mambo haya hayajapata kumwangusha. Aliinuka, akazivuta zile suruali, akasoma namba ya simu.

"Shangazi, usipige."

"Napiga."

"Akisema ilikuwa hapana?"

"Utaandika 'Jamaa zake' kama ulivyofanya, utaishi. Wangapi wamekufa wametuchukia na tunanunua mkate kila siku? Lakini kuzificha suruali za watu siruhusu. Hili ni duka." Na tayari simu ilikuwa sikioni. "Halo, Desa? Suruali zako ziko tayari, binti. Zamani. Pita sasa hivi, kuna na kahawa."

Desa alishuka ngazi saa nane kasoro robo, pua nyekundu kwa baridi. "Suruali zangu! Nilidhani mmezizika." Kisha akaniona, na uso wake ukatulia. "Aa. Wewe ni dada wa yule wa Bremen."

"Keti," shangazi akamwambia. "Kahawa hiyo. Sasa tuambie, mgonjwa yule alikuwa anajibuje?"

"Hakuwa anajibu, shangazi. Ulimi ulikuwa umekwenda."

"Kichwa, binti. Kichwa."

Desa akaangua kicheko, akajiziba mdomo upesi. Akanitazama.

"Sema tu," nikamwambia.

"Unajua, Jumatano nzima tulimnyima maji?" Aliweka kikombe chini. "Si kwa kutaka. Namuuliza, baba, maji? Anapandisha kichwa, anashusha. Naondoa kikombe. Ananitazama kama namuibia. Narudi baada ya saa moja. Maji? Juu, chini. Naondoa tena. Midomo ikampasuka, tukamwekea dripu. Nikasema huyu mtu anataka kufa. Alhamisi saa mbili nikaleta uji. Vilevile, juu, chini. Nikaondoa bakuli. Halafu saa sita nikaenda na supu, kwa kutimiza wajibu tu. Supu, baba? Akaanza kupandisha kichwa. Akasita. Akanitazama hivi, kwa muda. Halafu polepole, kando. Kando. Akala supu yote, akanywa vikombe vitatu vya maji. Tangu hapo hakukosea hata mara moja. Wodini tulikuwa tunasema, yule mtu amefika nyumbani Alhamisi saa sita mchana."

Mjomba Gencho alikuwa ameshaokota chaki ya kushonea. Kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cheusi cha mteja, aliandika: *Alhamisi. Saa 2, juu. Saa 6, kando.* Katikati akaacha nafasi.

"Saa nne," nikasema. "Hapo katikati niko mimi."

Akaandika: *Saa 4, Zlatina.*

Nikaitazama ile chaki. Haikuhitaji elimu. Saa nne bado alikuwa wa Bremen. Kichwa cha kando cha Bremen.

"Aliniambia hapana," nikasema. "Nami nikamwambia asante. Nikambusu mkono."

Desa aliangalia kahawa yake. Nilisubiri. Wiki tano nilikuwa nimefikiri kwamba nikilijua jibu kitu fulani kitakatika ndani yangu, hata kama ni kibaya, walau kitakatika. Hakikukatika. Ilikuwa kama kuambiwa duka la pili limefungwa. Nikavuta gauni lililokuwa linafuata, nikaanza kufumua pindo.

"Ngoja," akasema mjomba. "Ratiba haijaisha."

"Niache, mjomba."

"Sikuachi. Desa, kati ya saa mbili na saa sita ni nani aliyemfundisha?"

"Kumfundisha nini?"

"Kwamba humu ndani kichwa chake kinasomwa kinyume! Saa mbili hajui, saa sita anajua. Treni haibadilishi njia peke yake, kuna mtu kavuta wenzo wa reli. Nani aliingia? Daktari?"

"Daktari alipita saa moja, kabla ya uji. Baada ya hapo..." Desa akanitazama. "Dada yake tu."

"Basi!" Mjomba alipiga meza, vumbi la chaki likaruka. "Zlatina, ni wewe. Umemuuliza swali zito, kakujibu hapana, na wewe unatabasamu, unambusu mkono, unatoka. Ungekuwa wewe pale kitandani ungefikiri nini? Huyu kasikia nini? Amelala anaangalia dari, huyu kasikia nini? Masaa mawili mazima. Mpaka supu ilipokuja keshapata jibu."

"Amepata jibu kwamba amenidanganya bila kutaka."

"Amepata jibu kwamba umeondoka na ndiyo ambayo hakukupa. Vizuri. Sasa kichwa chake anakijua, na cha kwetu anakijua." Akachora mstari chini ya Alhamisi, akaandika: *Ijumaa.* "Ijumaa ukaingia. Alikuwa anaweza kukunyang'anya ndiyo hiyo. Juu, chini, mara moja tu, na ungeelewa. Alifanyaje?"

Nilikuwa nimeshika gauni la watu kwa mikono miwili.

"Kando," nikasema. "Kando, kando, kando. Lakini sikumuuliza kitu."

"Ulishamuuliza," akasema Shangazi Stoina. "Jana yake."

Miguu ilipita dirishani. Mbwa akapita. Nilitafuta pa kutokea.

"Labda alitaka maji."

"Jagi lilikuwa limejaa," akasema Desa. "Ijumaa alikuwa anapata kila kitu anachotaka."

"Labda ni mtetemeko."

"Dada, nilimgeuza na kumlaza kwa mikono yangu. Upande mmoja ulikuwa umekufa. Kichwa kilikuwa kizima kuliko cha daktari."

"Na mimi nikamrekebishia mto," nikasema.

"Ukamrekebishia mto," akasema shangazi. "Ndivyo tulivyo. Mtu anakuja na jambo lake, sisi tunatafuta mto."

Desa alivaa koti, akachukua suruali zake. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kuongeza kitu, kisha akapanda ngazi. Mjomba Gencho alijaribu kuipangusa chaki kwenye kitambaa cheusi kwa kiganja, ikazidi kuenea, akatukana chini kwa chini na kuwasha pasi. Hakuna aliyenikumbatia, na nilishukuru. Shangazi aliangalia saa ya ukutani.

"Saa tisa na nusu. Kapka atafunga. Nenda."

Nje baridi ilikuwa imekaza. Kwenye nguzo iliyo mbele ya posta lilikuwapo bado tangazo la maziko, limelowa ukungu, pembe moja imebanduka. Ognian wa kwenye picha alikuwa na miaka thelathini. Sikuwa na picha nyingine. *Jamaa zake.* Niliikandamiza ile pembe kwa kidole gumba. Haikushika. Niliacha.

Kidole kilikuwa kinauma. Nilikitazama: palipochomwa na sindano asubuhi pamevimba kidogo, pekundu. Kilikuwa kinauma kawaida, kama kidole.

Kapka ni yuleyule wa miaka kumi na miwili iliyopita, amebadilisha miwani na mashine tu. Alikuwa ameshavaa kofia ya kutokea. Aliivua, akaketi.

"Haya. Maneno."

"Ognian, mtoto wa Tsona. Siku arobaini."

Akaandika. Akasubiri. "Basi? 'Mpendwa' huweki? 'Asiyesahaulika'? Zote ninazo hapa, unachagua tu."

"Basi."

"Mistari miwili ya shairi? Nafasi ipo. Itaonekana tupu."

"Iache tupu."

Aliguna. Kwenye kompyuta alishusha kialama chake mpaka chini kabisa ya karatasi, pale ambapo watu huanza kusoma, na kikabaki kinapepesa. Akavua miwani, akaipangusa kwa shali, akaivaa tena.

"Na huku chini? Niweke 'Dada yake Zlatina'?"

Nikapeleka kichwa kushoto, nikakileta kulia.

Akaandika.